Aliyepiga Ngoma kwenye "Jumatatu ya Kufua"

Mwanamke aliyebisha hodi saa nne asubuhi siku ya Jumanne alikuwa amevaa koti la mvua na kadi ya plastiki shingoni, kwa hiyo Wilf Ormerod hakumuuliza jina. Alimfungulia, akageuka, akamtangulia kwenye ushoroba mwembamba hadi kwenye kabati lililo chini ya ngazi.

"Ipo humu ndani, mwanangu," alisema. "Angalia kichwa. Yule wa mwaka jana alijigonga, akatuandikia namba za hasira."

Mgeni akainama, akachungulia. Mita ya gesi ilikuwa kule nyuma, lakini hakuitazama. Alikuwa ameikazia macho ngoma moja ndogo iliyokaa juu ya kopo la rangi, ngozi yake imepasuka, na juu yake mke wa Wilf alikuwa ameweka vitambaa vya kufutia vumbi.

"Hii ni ile ya mwaka sitini na sita?" aliuliza, na sauti yake ilishuka kama ya mtu aliyeingia kanisani ibada imeanza.

Hapo Wilf akajua kwamba huyu si msoma mita.

Aliitwa Philippa Tranter. Alitoka London. Alikuwa ameandika barua tatu, zote zikaenda kwenye nyumba ya marehemu Derek, mpiga besi, ambayo siku hizi ni duka la samaki na viazi. Mwenye duka ndiye aliyemwelekeza: panda kilima, nyumba ya nne kushoto, mzee mrefu anayetembea kama anasikiliza kitu.

Maureen Ormerod alipoambiwa kwamba mgeni amekuja kwa ajili ya The Tacklers, kundi la muziki la ujana wa Wilf, aliwasha ufito wa pili wa hita. Katika nyumba ile ufito wa pili uliwashwa kwa kasisi na kwa daktari tu. Kisha akaleta chai, na biskuti zile za kwenye bati, si za kwenye pakiti.

"Kuna Jumba la Heshima la muziki kule Marekani," Philippa alisema, vidole vyekundu kwa baridi vimekikumbatia kikombe. "Kila mwaka wanaingizwa wachache. Nimewapigania nyinyi miaka tisa, wananicheka. Mwaka huu wamekubali kulisoma faili langu. Ijumaa ndiyo mwisho."

"Kwa nini sisi?" Wilf aliuliza. Hakuwa akijinyenyekeza, alitaka kujua kweli. "Tulitoa nyimbo kumi na moja, mwanangu. Wengine walikuwa na mia."

Philippa aliiweka simu yake mezani, kati ya sukari na maziwa, akaigusa, na "Jumatatu ya Kufua" ikaanza kuimba katika chumba kile kidogo chenye picha za wajukuu wa watu wengine. Gitaa liliingia kwanza, kisha sauti ya Ronnie Catlow, bado kijana, bado ana meno yake. Kisha ngoma.

"Hizo," alisema Philippa. "Sikia zinavyokuja nyuma kidogo ya wimbo. Kama mtu aliyechoka anayepanda ngazi na hataki kukaa chini. Nimewaandikia wapiga ngoma arobaini duniani. Thelathini na mmoja wamenijibu, na wote wananitajia hizo. Waziwazi nikuambie, Bwana Ormerod, faili langu lote limesimama juu ya mikono yako."

Wilf aliitazama mikono yake. Ilikuwa juu ya magoti, mikubwa, yenye madoa ya uzee.

"Hizo ngoma ndizo zilizonioa," Maureen alisema, uso umemng'aa kama wa msichana. "Huyu mwenyewe hakuwa na sura, wewe unamwona. Nilikuwa natoka na kijana wa bucha, ana gari. Santuri ikapigwa kwenye ukumbi wa dansi, nikamwambia mdogo wangu Edna, mwanamume anayepiga hivi hawezi kuwa mtu mbaya. Nikamwacha kijana wa bucha amesimama na funguo zake mkononi."

"Nitaliandika hilo," Philippa alisema, na akaliandika. "Alhamisi nitakuja na kinasa sauti. Nitakuuliza mambo ya kawaida tu, na hasa ngoma zile, ulizipigaje."

*

Mgeni alipoondoka, Maureen alikwenda kwenye simu kumweleza Edna. Wilf alipanda juu, akapiga magoti kwa taabu, akavuta bati la biskuti lililo chini ya kitanda.

Ndani yake zilikuwamo kadi za Krismasi hamsini na nane, karibu zote zina picha ya yule ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Ndani ya kila kadi, chini ya salamu zilizochapwa, kulikuwa na neno moja la mkono: *Wameuliza?*

Siku zile ndivyo ilivyokuwa. Studio ya London ilikodiwa kwa saa tatu, na kijana aliyetoka kutengeneza mitambo ya kufuma pamba hakuaminiwa nazo. Mtayarishaji alimwambia Wilf akae pembeni, na mtu mmoja mwenye upara na tai akakunja gazeti lake, akaketi nyuma ya ngoma, akaupiga wimbo mara mbili, kazi ikaisha. Jina lake Bernard Quigley. Alikuwa amepiga kwenye santuri zaidi ya mia mbili na hakuna hata moja iliyomtaja. Lakini badala ya kuwahi basi lake, Bernard alitoka nje, akamkuta Wilf amejikunyata kwenye ngazi, akaketi naye pale pale, akamfundisha wimbo ule kwa penseli mbili kwa muda wa dakika arobaini, mpaka mikono ya kijana ikaushika.

"Utaupiga usiku mwingi kuliko mimi," alimwambia. "Upige vizuri. Ila siku wakikuuliza, waambie ni nani. Usiende kutangaza, wala sitaki gazeti. Wakikuuliza tu."

"Wakiniuliza nitasema," Wilf aliahidi, na ilikuwa ahadi nyepesi, maana alidhani ataulizwa kesho yake.

Hakuna aliyeuliza. Watu waliuliza rangi ya suti, walikunywa nini, ni kweli Derek alianguka jukwaani. Nani humuuliza mpishi kama chakula kapika yeye? Kila Desemba kadi ilikuja, na kila Desemba Wilf alijibu kwa neno moja: *Bado.* Miaka kumi na miwili iliyopita Bernard alifariki. Desemba iliyofuata kadi ilikuja vilevile, kwa mwandiko ulioinama wa mkewe, Joan. *Wameuliza?*

Maureen alijua kadi zinatoka kwa mwanamuziki mmoja wa zamani. Alidhani wanataniana.

*

Kufika Jumatano mchana mji mzima ulikuwa na habari. Katika klabu ya wafanyakazi, siku ya pai na njegere, Wilf alisukuma mlango akakuta picha yake ya ujana imeshafutwa vumbi na kusogezwa karibu na kaunta.

"Kumi na moja," Clem Hargreaves alikuwa akisema. Huyu ndiye aliyekuwa kijana wa bucha. Sasa ana miaka themanini na fimbo mbili. "Na kati ya hizo kumi na moja, tuseme kweli, nzuri ni mbili na nusu. Wale wa Liverpool walikuwa na mia mbili. Heshima ya nini? Kwani nami nikiuza soseji nzuri mara mbili niwekewe sanamu?"

"Soseji zako hazikuwa nzuri hata mara moja," Edna alisema. Alikuwa mdogo wa Maureen, mjane, na ulimi wake haukuwahi kupumzika. "Heshima si wingi, Clem. Kuna mwanamke mwenye watoto kumi na hakuna anayemkumbuka hata kwa kiazi kimoja. Wimbo mmoja ukiwaingia watu, umewaingia. Mimi naufulia mpaka leo."

"Unafulia mashine."

"Naimba huku mashine inafua. Wewe ulikuwa na gari, na bado ulishindwa na mpiga madebe."

Klabu nzima ikacheka. Clem akacheka pia, akainuka kwa fimbo zake, akasogea hadi alipokaa Wilf. Hakuwahi kumnunulia kinywaji tangu mwaka wa sitini na saba.

"Nimesema mbili na nusu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini zile ngoma siwezi kuzitia ila. Nimejaribu. Mtu akiibiwa mwanamke hujaribu." Akaweka bia mbele ya Wilf. "Kunywa. Umeistahili."

Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Wilf aliinywa bia ile yote, kwa kuwa kuiacha kungehitaji maelezo.

*

Kutoka klabu alipanda basi hadi nyumba ya wazee alikokuwa Ronnie Catlow. Katika wale wanne wa kundi, waliobaki walikuwa wao wawili. Ronnie alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, mrija wa hewa puani, na msichana mmoja wa kazi akimlisha uji wa maziwa.

"Kijiko cha mwisho, Ronald, mtoto mzuri," msichana alisema, akampangusa kidevu, akaondoka na bakuli.

"Hajui," Ronnie alisema. "Wasichana walikuwa wanazimia, Wilf. Sasa mimi ni Ronald wa chumba cha tisa. Nikikataa uji wananiandika kwenye daftari." Alivuta pumzi. Kila sentensi ilimgharimu. "Yule mama wa London alikuja hapa jana. Alinishika mkono. Aliniita Bwana Catlow."

"Kesho ananirekodi. Ataniuliza za ngoma."

Ronnie alikuwapo siku ile studio.

"Bern amekufa," alisema.

"Joan yuko hai."

"Joan ana miaka tisini. Wilf, nisikilize. Mimi sitaki fedha, na Marekani kwenyewe sifiki, hata chooni sifiki. Nataka tu siku moja yule msichana aingie hapa aniambie, kumbe ulikuwa wewe. Basi. Halafu nife." Alipumzika. "Uliahidi nini hasa?"

"Kwamba nikiulizwa nitasema."

"Basi asikuulize. Ongea wewe. Mwambie za gari lililozimika theluji, za Derek kuanguka, jaza saa nzima. Mtu mwenye stori nyingi haulizwi maswali." Akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Hujavunja ahadi, hujanivunja mimi."

Wilf alimshika bega. Lilikuwa mfupa mtupu, kama mgongo wa kiti.

*

Alhamisi Maureen alikwenda saluni saa tatu, akarudi na nywele zimesimama kwa dawa. Alivaa gauni la buluu. Alikuwa ameshamwambia mwenye saluni, na mwenye saluni hakumtoza kitu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Fito zote mbili za hita ziliwashwa kabla mgeni hajafika.

Philippa aliweka kinasa sauti mezani. Na Wilf akaongea. Alisimulia gari lililozimika milimani, wakalala wanne wamekumbatia vipaza sauti kama wake zao. Alisimulia usiku mia nne wa kupiga katika kumbi zinazonuka bia na nguo mbichi, na kurudi alfajiri, na kuingia zamu kiwandani saa kumi na mbili bila kulala. Alisimulia Derek alivyoanguka. Philippa alicheka mpaka akafuta machozi. Maureen alisaidia pale alipokosea majina. Saa moja ikapita, na nusu juu yake.

"Nimepata kuliko nilivyotaka," Philippa alisema. Akazima kinasa sauti, akakiweka mkobani. Kisha akatoa karatasi. "Hii ni fomu yao tu. Nimeshaijaza, ni kuthibitisha majina. Sauti, Ronald Catlow. Besi, Derek Sugden. Gitaa, Alan Pickup. Na ngoma kwenye santuri yenyewe, zilipigwa na..." Kalamu ilikuwa tayari juu ya jina. "Ni wewe, naweka tiki tu. Sivyo?"

"Nani mwingine?" Maureen alisema, akimimina chai.

Swali lilikuwa limeshajibiwa. Wilf hakuwa na haja hata ya kufungua mdomo. Kalamu ilikuwa inashuka yenyewe. Alimwona Ronnie na kidevu chake. Aliwaona wote klabuni. Kisha akamwona mtu mwenye upara akikaa kwenye ngazi baridi, basi lake limeondoka, akihesabu kwa penseli: moja, mbili, ngoja kidogo, tatu.

"Si mimi," alisema.

Chai iliendelea kumiminika mpaka ikajaa kwenye kisahani.

"Zilipigwa na Bernard Quigley. Alikodiwa. Mimi nilikaa pembeni."

Philippa aliishikilia kalamu hewani. Alikuwa amechoka ghafla, akaonekana mtu aliyetumia miaka tisa ya likizo zake kwa jambo moja. Alimtazama Maureen, akamtazama Wilf.

"Bwana Ormerod," alisema polepole, "kinasa sauti nimeshakizima."

Wilf alielewa anachopewa. Na hakumlaumu, alikuwa anakitoa kwa upendo.

"Kiwashe, mwanangu."

Philippa alikitoa mkobani. Taa nyekundu ikawaka, na Wilf akasema tena, jina lote, na jinsi linavyoandikwa, na penseli, na dakika arobaini. Hakuongeza kitu. Ilichukua muda mfupi kuliko wimbo wenyewe.

"Huwa wanawaingiza waliopiga kwenye santuri," Philippa alisema baadaye, akifunga koti. "Jina lako huenda likatoka. Na kundi lenyewe, sijui. Watasema ngoma zenyewe ni za kukodi. Sijui nitaandika nini kesho."

"Unaona hatustahili tena?"

Alisimama mlangoni akifikiri, na mvua ikimpiga mgongoni. "Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa mgonjwa," alisema. "Nilikuwa nasikiliza ule wimbo ili niamke kitandani. Ulifanya kazi. Sikuuliza nani anapiga." Akaweka faili chini ya koti lisilowe. "Nitaandika yote. Na jina la Bernard. Kama watasoma, watasoma."

"Mwambie Ronnie mwenyewe," Wilf alisema. "Mwambie ni mimi niliyesema. Na mbele ya yule msichana wa uji, umwite Bwana Catlow."

"Nitamwita."

*

Maureen alikuwa ameinama mbele ya hita. Alizima ufito wa pili, akabaki pale pale, mkono kwenye swichi.

"Miaka hamsini na nane umeniacha niseme," alisema. "Kwenye harusi yetu nilisema. Kwenye mazishi ya mama nilisema. Leo asubuhi nimesema kule saluni, nywele zangu zimefungwa rola, watu sita wananisikiliza."

"Najua."

"Hujui. Nilimwacha Clem Hargreaves na gari lake kwa ajili ya mtu wa London."

Wilf alikaa kwenye kiti chake. Nje gari la maziwa lilipita, jirani akamwita mbwa.

"Alikuwa na sura gani?" Maureen aliuliza.

"Upara. Tai ya kahawia. Alinuka dawa ya kikohozi."

"Hm," alisema Maureen. Akakusanya vikombe, akaenda jikoni, na maji yakasikika yakifunguliwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wilf alivuta droo ya kabati. Ilikuwa Februari, na kadi pekee iliyokuwamo ni moja iliyobaki ya Krismasi, ndege mwenye kifua chekundu juu ya sepetu la theluji. Aliifungua juu ya goti. Hakukumbuka lini mkono wake uliwahi kuwa mzito hivi. Akaandika: *Joan, wameuliza. Nimesema.* Akatafakari kama aongeze pole, au asante, au habari za Jumba la Heshima. Hakuongeza. Akaandika anwani kwenye bahasha, akafungua pochi, akatoa stempu ya daraja la pili, ile ya bei nafuu wanayotumia kwa kila kitu, ile inayochukua siku tatu.

Maureen alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, taulo la vyombo begani. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakumtazama. Yalitazama bahasha.

"Si hiyo," alisema. Alikwenda kwenye mkoba wake uliokuwa umetundikwa kwenye kitasa, akachakura, akarudi, akaiweka mezani mbele yake stempu moja ya daraja la kwanza. "Atakuwa ameipata kesho. Mwanamke wa watu amengoja vya kutosha."